Nilivyomjibia mama mkwe gazetini kuhusu shimo ambalo sikuwahi kuliona

Wakuu, heshima kwenu. Wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, na ninyi mnaosoma kimyakimya bila kujisajili, karibuni.

Hili ninaloandika limenitokea mimi, hapa Kolwezi, mkoa wa Lualaba, Kongo. Sijalipamba. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wote wako hai na mmoja wao nanunua unga kwake.

Kwanza mnijue ninyi mnaonisoma.

Niliondoka Kolwezi kijana sana, juu ya lori lililobeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Sikuwa na ndugu kule. Nilibeba mabokisi Kariakoo, nikaingia kwenye duka la uchapaji kufagia, nikajifunza mashine kwa kuangalia, kisha nikajilipia masomo ya jioni mpaka nikapata diploma ya uhusiano wa umma na masoko. Nilimaliza wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo, malizieni wenyewe.

Nilirudi nyumbani na mashine kubwa ya kuchapa mabango. Leo ukipita Kolwezi ukaona bango ambalo herufi zake hazijabanduka baada ya mvua mbili, uliza limetoka wapi. Utaletwa dukani kwangu, na ukutani utaona diploma ndani ya fremu ya kioo.

Sijisifu bure. Nataka mjue kwamba aliyefanya kosa nitakalolieleza si mjinga. Ni mtu aliyesoma.

Tuendelee.

Mke wangu, Béatrice, ni wa familia ya Waluba kutoka kaskazini mwa Katanga. Katika familia yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Humpi mkono. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Ukifika kwake unakaa kwenye baraza ya mbele, uso barabarani. Uani, kwenye jiko na bafu, huingii kabisa. Ukiwa na neno, unampa mtu wa kati, naye anampelekea.

Hali hiyo si ya milele. Kuna karamu ya kumwingiza mkwe. Unaleta vitenge na mbuzi, mama zake mke wako wanapika vyakula vyao vyote, mama mkwe anakupakulia kwa mkono wake na kukuonyesha nyumba yake mbele na nyuma. Tangu siku hiyo unaweza kuzungumza naye kama mtoto na mzazi.

Mimi karamu hiyo nilikuwa nimeiahirisha miaka sita.

Si kwa kukosa mbuzi. Niliona ni mambo ya kijijini. Nilimwambia Béatrice kwamba mtu aliyekaa Dar hawezi kukalishwa mkekani na mama wadogo kumi wakimfundisha jinsi ya kula kuku. Kila alipoikumbusha nilisema, "Mwaka ujao." Wakati huohuo sikuthubutu kuivunja miiko yenyewe. Kwa hiyo niliidharau desturi na bado ikanifunga.

Sasa mama mkwe. Nitamwita Mama Odette.

Ni mjane. Anauza unga wa mahindi na wa muhogo mbele ya nyumba yake, na mtaa mzima unamjua kwa kipimo chake, anajaza kopo mpaka linamwagika.

Mtaa wetu umekaa juu ya madini. Hii si lugha ya picha. Chini ya vyumba vya kulala kuna kobalti, na watu wanachimba ndani ya viwanja vyao, ndani ya lupango kama tunavyosema huku, tena wengine sebuleni. Unaweza kuwa unakula ukasikia nyundo chini ya kiti. Kuta zinapasuka. Kuna nyumba zimezama.

Mama Odette ndiye aliyewakusanya wanawake wa mtaa kukataa. Walikwenda kwa mkuu wa mtaa, wakaenda kwa bourgmestre, yaani meya wa commune, kata yetu ya mji, wakakaa chini kwenye ua wake mpaka akatoka. Uchaguzi wa madiwani wa commune ulipofika, wanawake walewale walisema, tunakutaka wewe. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Régine, rafiki yake wa miaka mingi.

Ahadi ya Mama Odette ilikuwa moja, na mtoto angeikariri. Hakuna shimo chini ya nyumba ya mtu.

Familia ikakaa, ikaamua kwamba mwenye diploma ndiye atakayeshika mawasiliano. Sikuombwa mara mbili.

Fikirieni lakini kazi yenyewe. Ni mkurugenzi wa mawasiliano ambaye haruhusiwi kumtazama mgombea wake.

Siku ya picha ya bango, mpiga picha alisimama mbele ya mama, mimi nikasimama nyuma ya mpiga picha nimewapa wote mgongo, nikitoa maelekezo kwa kutazama ukuta. "Mwambie mama ainue kidevu." Mpiga picha alicheka mpaka picha mbili za kwanza zikaharibika.

Hotuba tulizifanyia mazoezi hivi. Mimi barazani, mama sebuleni, na katikati mjomba wa mke wangu, Tata Kasongo, mdogo wake mama, fundi seremala mstaafu, akienda na kurudi mlangoni.

"Mjomba, mwambie mama asiseme haraka."

Tata Kasongo anaingia, anatoka.

"Mama anasema haikuwa haraka, ni weye unasikiliza polepole."

Tulikuwa tunaenda vizuri. Mpinzani wetu mkubwa, Tata Faustin, ana malori na depo ya kununua madini kwa wachimbaji wadogo, lakini mikutano yake ilikuwa na watu waliokuja kwa ajili ya bia. Yetu ilikuwa na watu waliokuja na malalamiko. Mtu aliyesoma masoko anajua tofauti.

Ndipo likatoka gazeti.

Hapa mjini kuna gazeti dogo la Kifaransa linalotoka kila wiki. Wanaolinunua ni wachache. Lakini msidanganyike. Nakala moja ikifika kwenye vibanda vya fotokopi, ukurasa wenye maneno unatolewa nakala, unabandikwa, anatokea mtu mwenye Kifaransa anausoma kwa Kiswahili, na jioni uko kwenye simu ya kila mtu.

Ukurasa wa tatu wote ulikuwa picha ya geti la mama, la bluu, kopo la unga pembeni. Juu yake kwa herufi nene: ANAKATAA MASHIMO YETU. NYUMA YA GETI HILI KUNA NINI? Chini kabisa kwa herufi za sisimizi: tangazo la kulipiwa. Jina la Tata Faustin halikuwepo. Kila mtu alijua.

Nilifika kibandani nikakuta mwalimu mmoja anatafsiri.

"Banauliza, nyuma ya geti hii kuko nini?"

"Kuko bunga!" akajibu mama mmoja, watu wakacheka.

"Ao kuko kobalti!" akasema kijana wa pikipiki. Hapo walicheka wachache.

Mimi nilisikia ule upungufu wa kicheko. Ndiyo kazi niliyosomea. Nikajua lazima tujibu, tena wiki hiyohiyo.

Gazeti linafunga kurasa Jumatano mchana. Ilikuwa Jumatatu.

Nilimuuliza mke wangu kwanza. Béatrice alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua uso.

"Uani kwa mama kuna kitu gani?"

"Habari ya lupango ya mama haiko yangu."

"Mimi ndiye ninayemtetea. Lazima nijue."

"Basi enda uone na macho yako."

"Unajua siwezi kuingia kule."

"Na ni nani alikukatalia kuingia? Miaka sita, mama iko nangojea mbuzi." Akaweka kisu chini. "Usiandike kitu kwanza. Ngoja."

Nilimwona anachanganya mambo ya gazeti na hasira za karamu. Nikamtafuta Tata Kasongo.

Sasa angalieni, wakuu. Swali langu lilikuwa jepesi, je, kuna shimo au hakuna? Lakini huwezi kumtuma mtu akamuulize mama mkwe wako swali kama hilo. Ni kumpekua. Ni kama kumuuliza kilichoko chini ya kitanda chake. Basi nikauliza kwa adabu, kama mkwe. "Mjomba, muulize mama anaionaje ile habari ya gazeti, na anataka tuijibu vipi."

Tata Kasongo alienda, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi hakukaa.

"Mama anasema ile ni habari ya nyumba, haiko ya bukwe. Kazi ya gazeti anakuachia."

Bukwe ni mkwe.

Mimi nilisikia nusu ya pili tu. Kazi ya gazeti anakuachia. Nikasema moyoni, sawa, hakuna kitu, mama amekasirika tu kuguswa nyumba yake.

Nilikaa dukani siku nzima, umeme unaenda na kurudi kana kwamba bwawa letu la umeme la Nzilo liko nchi nyingine, nikaandika. Wakuu, niliandika. Kifaransa cha kuvaa tai. Kichwa kilikuwa: GETI LANGU NI LA BLUU, MIKONO YANGU NI MISAFI. Katikati nikaweka sentensi ambayo mpaka leo naisikia nikifumba macho. *Hakuna shimo katika kiwanja changu na halijawahi kuwapo.* Chini nikaweka saini ya mama. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta, tuliichukua kwa ajili ya mabango.

Sikuutuma ukurasa ule kwake. Kumpelekea kungekuwa kumtuma tena Tata Kasongo, kusomewa, kutafsiriwa, kurudi. Jumatano ilikuwa imefika.

Mhariri wa gazeti, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alisoma mara mbili.

"Hii ni nguvu," akasema. "Weye ulishaka kuona ile lupango?"

"Mimi mkwe wa nyumba ile. Nani aijue kuliko mimi?"

Alinitazama kidogo juu ya miwani. Yeye pia ni Mluba. Nadhani alinielewa kuliko nilivyojielewa, lakini ukurasa ni ukurasa, na alikuwa amekwisha kuuza ule wa kwanza.

Ukatoka. Kibandani walisoma, wakapiga makofi. Mama Régine mwenyewe alibeba nakala kumi akazigawa kanisani kwake. Alinipita dukani akasema kwa sauti ili wateja wasikie, "Bukwe ya Odette, weye ulisoma kweli!"

Siku nne nilikuwa mtu mkubwa Kolwezi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Tata Kasongo hakuja dukani. Na Béatrice alisoma ule ukurasa, akaukunja, akauweka juu ya kabati.

Wiki iliyofuata Tata Faustin akanunua ukurasa tena.

Safari hii picha ilipigwa kutoka juu. Nyuma ya nyumba ya mama kuna ghorofa linajengwa, mtu alipanda na simu. Uani palionekana bamba la zege, pana kama meza mbili, muhogo umeanikwa juu yake. Pembeni sentensi yangu, neno kwa neno, ndani ya boksi jeusi. Halafu: MAMA, TULIULIZA KWA HESHIMA. UMEJIBU HAKUNA. BASI HII NI NINI? FUNGUA GETI.

Nilifunga duka. Nilimkuta Tata Kasongo kwake, anapiga randa ubao ambao haukuhitaji kupigwa.

"Mjomba, lile zege ni nini?"

"Shimo iko," akasema.

Nilikaa juu ya gogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama mama anaonaje. Haukuniuliza kama shimo iko."

"Ningeulizaje swali kama hilo, mjomba? Mama mkwe wangu?"

"Njo vile. Weye hauwezi kuuliza, yeye hawezi kujibu. Juu ya ile tunafanyaka karamu ya bukwe." Akaendelea kupiga randa. "Na ile karatasi, yeye aliisikia ku kanisa, kama batu bote."

Akanieleza yote. Nilipokuwa Dar nikisoma, baba mkwe, ambaye maisha yake yote alifanya kazi ya migodini upande wa Kingamyambo, aliugua figo. Dawa zikawa nyingi. Wachimbaji wakamjia Mama Odette, akakubali, wakachimba uani. Walipofika kwenye madini wakageuka, wakaenda kwa chini kuelekea kwa jirani. Asubuhi moja ukuta wa Mama Régine ukapasuka kutoka dirishani mpaka chini. Mama aliwafukuza wachimbaji siku hiyohiyo. Akajaza udongo shimoni, akamwaga zege juu. Baba mkwe hakupona.

Mama Régine hakuambiwa. Alidhani ni mtikisiko wa malori.

Kwa hiyo mama hakuwa anapinga mashimo kwa kusikia. Alikuwa anayajua. Kama ningeuliza, kama ningeweza kuuliza, tungejibu ukurasa ule wa kwanza kwa ukweli huo na ungekuwa na nguvu kuliko Kifaransa changu chote. Mimi nilichukua mwanamke mwenye siri, nikamfanya mwongo kwa maandishi.

Nilimtuma Tata Kasongo kwa mama na mapendekezo matatu. Ukurasa mwingine, mwanasheria, au kusema lile zege ni la choo cha zamani. Ndiyo, wakuu, nilipendekeza hilo. Niliahidi ukweli.

Jibu lilirudi upesi. "Mama anasema asiandike tena. Jumapili atafungua geti."

Jumapili, baada ya misa na baada ya ibada za Waprotestanti, barabara ilijaa. Wanawake wa mtaa, watu wa Tata Faustin na simu zao juu, mhariri na waya wake wa miwani. Geti la bluu likafunguliwa pande zote mbili, watu wakaingia mpaka uani.

Mimi nilibaki nje. Sikuwa nimeingizwa. Vijana wa Tata Faustin waliweza kuingia jikoni kwa mama mkwe wangu, mimi mkurugenzi nikasimama barabarani, sikio ukutani.

Hotuba bora ya kampeni ile sikuiandika. Niliisikia kupitia matofali.

"Muingie bote, musiogope. Zege iko nguvu, niliimwanga mi mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Hii njo shimo. Ni yangu. Niliichimbisha wakati bwana yangu alikuwa mugonjwa. Ile bitu biliandikwa mara ya kwanza ku gazeti, ni bya kweli."

Kisha akaita.

"Régine, uko wapi? Kuya hapa karibu. Ukuta yako ilipasuka juu ya hii shimo. Nilijua ile siku yenyewe. Miaka yote tunakula pamoja, na sikukuambia. Leo niko nakuambia mbele ya batu."

Ndipo sauti ya kiume ikapaa. "Na ile karatasi, mama? Si uliandika hakuna shimo na haijawahi kuwapo?"

Wakuu, hapo ndipo niliposhika ukuta. Neno moja lilitosha. Aseme tu, ni mkwe wangu aliandika, mimi sikuona. Ingekuwa kweli, na kura zake zingepona. Mtaa mzima ungenicheka mimi, mwenye fremu ya kioo.

"Ile karatasi iko na jina yangu," akasema. "Ni yangu."

Mkwe haaibishwi mbele ya watu. Hilo nalo ni sehemu ya desturi ileile niliyoiita ya kijijini. Inakufunga wewe, na inamfunga yeye pia, kukulinda.

Na mimi nilinyamaza. Mdomo nilikuwa nao, na geti lilikuwa wazi. Ningeweza kupaza sauti kutoka barabarani. Sikufanya.

Mama akaendelea. "Sasa na mi niulize. Tata Faustin alijua namna gani kama kuko shimo humu ndani? Ye hakai huku. Nitabaambia. Muzigo yote yenye ilitoka humu, ilienda ku depo yake. Shimo yangu ilikuwa na midomo mbili. Moja huku, ingine kwake. Ya huku nilifunga. Yake iko wazi mpaka leo."

Vigelegele vilipanda mpaka mbwa wa mtaa wakaanza kubweka. Mtu mmoja wa Tata Faustin alijaribu kusema kitu, mama mmoja akamwambia, "Weye papa, shuka kwanza ku hii zege, uko unakanyaga muhogo ya batu!"

Nilianza kufurahi. Kisha Mama Régine akatoka getini peke yake. Alinipita karibu kama ninavyogusa meza hii. Hakunisalimu.

Tata Faustin hakununua ukurasa mara ya tatu. Alisema redioni kwamba yeye ni mfanyabiashara, ananunua anacholetewa. Ni kweli pia, anayepinga aje.

Siku ya kura ikafika. Tata Faustin alipita, wa mwisho katika waliopita. Mama Odette alikosa.

Nilitaka kuandika masahihisho gazetini, kwamba kosa ni la mwandishi. Nikamtuma Tata Kasongo kuomba ruhusa. Jibu lilikuwa, "Gazeti imetosha. Aende kwa Régine na miguu yake."

Nikaenda. Ukuta wake bado una ule ufa, umezibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Nilisema yote nimesimama, hakunipa kiti mpaka nilipomaliza.

"Nilijua ni weye," akasema. "Odette hana Kifaransa murefu vile."

"Basi kwa nini, mama..."

"Kwa nini sikumupa kura?" Alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Shimo, ningesamehe. Bwana alikuwa mugonjwa, na mi ningechimba. Lakini ile karatasi niliibeba na mikono yangu mpaka kanisani. Kumi. Nilibaambia batu, someni, ni kweli. Sasa mi niko nani kule?"

Diploma yangu ina somo zima la kujibu maswali magumu, swali hilo halimo.

Jumamosi iliyofuata, Béatrice aliniambia kwamba Mama Régine alisimama mbele ya meza ya unga, akaweka kopo lake. "Kura sikukupa, Odette. Lakini bunga nitanunua kwako." Na mama akajaza kopo mpaka likamwagika.

Mwezi uleule nilinunua mbuzi.

Mama wadogo kumi walikuja kweli. Walinikalisha mkekani, wakanifundisha jinsi ya kula kuku, mmoja akanigonga kichwani kwa mwiko kwa sababu ya ile miaka sita. Kisha Mama Odette akanishika mkono, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanipitisha sebuleni, akanipitisha jikoni, mpaka uani.

Walikuwa wameanua muhogo. Juu ya zege palikuwa na meza ndogo, bukari ya moto, ugali wetu wa huku, na kiti kimoja.

"Kaa pale, bukwe," akasema. "Sasa unaweza kuandika kama uliona."

Nilikula bukari yote. Zege halikutikisika.

Wakuu, nilichojifunza hakina urefu. Kabla ya kumjibia mtu, ona kwa macho yako kile unachokikana. Kama kuna kitu kinakuzuia kukiona, kiondoe hicho kwanza, gazeti litatoka tena wiki ijayo. Na saini ya mtu mwingine isikae kwenye kompyuta yako.

Diploma bado iko ukutani, sijaishusha na sitaishusha, nimeitolea jasho. Chini yake nimebandika ule ukurasa wangu. Wateja wakiuliza, nawasimulia kama nilivyowasimulia hapa.

Sasa zamu yenu. Waliowahi kusimamia kampeni ya ndugu, mlipochafuliwa gazetini mlijibu au mlinyamaza? Na wenye wakwe wa miiko kama yangu, mliingizwa lini? Mnaotaka kunitukana kwa ile siku ya ukutani, tukaneni, nimekaa.